Cha Kutengenezwa na Cha Kutupwa

Watu wa pwani wana methali mbili zinazotazamana kama majirani waliokosana. Moja husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nyengine husema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Ya kwanza inaeleza tulivyo; ya pili inaeleza tunavyotakiwa tuwe. Baina ya hizo mbili ndipo ninapotaka kuliweka suala ambalo huenda msomaji akaliona dogo, hata la kuchekesha, kwa kurasa zilizozoea mashairi: kompyuta ya mezani inapoharibika kipande kimoja, je, tukitengeneze kipande hicho au tukitupe tununue chengine?

Wengi watasema kuwa hilo si suala la maadili bali ni la hesabu. Tazama gharama ya kutengeneza, tazama bei ya kununua, kisha chagua iliyo ndogo. Nami nilidhani hivyo mpaka mwaka 2010.

Msomaji wa Unguja hahitaji kukumbushwa giza lile. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikosa umeme utokao bara, na kabla ya hapo, mwaka 2008, tulikwishakaa gizani takriban mwezi mzima. Tuliishi kwa majenereta, na jenereta dogo la uani halina adabu. Umeme wake hupanda na kushuka kama pumzi za mgonjwa wa pumu. Kompyuta yangu ilistahamili miezi yote hiyo. Wiki chache baada ya umeme kurejea, ikakataa kuwaka. Feni ilizunguka mara moja, mara mbili, kisha kimya.

Fundi wa kwanza aliitazama kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. "Mwalimu," akaniambia, "mazabodi imekufa. Nunua nyengine. Na kwa kuwa prosesa yako haiingii katika mazabodi za siku hizi, nunua na prosesa, na ramu pia." Hesabu ikakaribia bei ya kompyuta nzima. Sikuwa na sababu ya kutomwamini, kwa sababu sikuwa na njia ya kumpima. Mwenye kupeleka kiti kwa seremala anaona mwenyewe mguu uliovunjika. Mwenye kupeleka kompyuta anakabidhi sanduku lililofungwa, na hukumu anayorudishiwa hawezi kuikatia rufaa.

Nilimpelekea kompyuta hiyo mzee mmoja aliyeanza kazi kwa redio za transista. Aliifungua, akavaa miwani, akanionesha vijipipa vitatu vya kapasita vilivyosimama karibu na prosesa. Juu vilitakiwa viwe bapa. Vyake vilikuwa vimeumuka kama vitumbua, na kimoja kimetoa ute wa rangi ya kahawia. Baadaye nilisoma kwamba huo ulikuwa msiba wa dunia nzima: mazabodi nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya mwanzo ya 2000 zilitiwa kapasita zenye maji mabovu ya kemikali, yakazalisha gesi ndani, zikafura na kupasuka kabla ya wakati wake. Mzee alizing'oa, akalehemu nyengine tatu, akanitoza fedha ambazo siku ile zisingenunua hata kilo moja ya nguru. Kompyuta ikawaka.

Je, fundi wa kwanza alinidanganya? Nimelizungusha swali hili kwa miaka mingi, na jawabu langu ni kwamba hakunidanganya kama tunavyoufahamu uongo kwa kawaida. Kwake yeye mazabodi ilikuwa imekufa kweli, maana hakuwa na chuma cha kulehemu wala hakufunzwa kukitumia. Alifunzwa kuchomoa na kuchomeka. Kosa lake limo katika neno moja tu. Alisema "haitengenezeki" mahali alipopaswa kusema "mimi siwezi kuitengeneza". Baina ya kauli hizi mbili kuna masafa makubwa. Ya pili inamwachia mteja mlango wazi aende kwa mwengine, na ya kwanza inaufunga. Ninaona kuwa katika kazi yoyote ambayo mteja haoni kilichomo ndani ya sanduku, iwe ya udaktari, ya uwakili au ya ufundi wa kompyuta, amana ya kwanza ni kutotangaza mpaka wa elimu yako kuwa ndio mpaka wa jambo lenyewe.

Lau makala haya yangeishia hapo, yangekuwa hadithi ya kumsifu mzee na kumlaumu kijana, na hadithi za namna hiyo tunazo za kutosha. Lakini funzo la 2010 nilijifunza kupita kiasi. Nikawa mtu wa kutotupa kitu. Ramu ikigoma, nikaichomoa na kuisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kwa sababu hewa yetu ya chumvi huyafanyia kutu yale maungio, na mara nyingi ikapona. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma miaka kumi kila asubuhi, nikabadilisha betri ndogo iliyo mfano wa sarafu. Feni ikilia, nikaitia tone la mafuta. Nikaanza kujiona mwema.

Mwaka 2014 diski kuu ikaanza kugonga: tak, tak, tak, kama mtu abishaye hodi kwa ukucha. Ndani yake mlikuwa na sauti ya shangazi yangu. Nilimrekodi kwao Pemba kwa mchana wa siku tatu, akieleza majina ya kale ya pepo na ya miamba, na nyimbo za kutwangia alizofunzwa na bibi yake. Wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Kijana aliyekuwa akinisaidia aliniambia nisiizime wala nisiigombeze, ninakili kilichomo usiku ule ule, kisha ninunue diski mpya. Nikamwona ni mwana wa zama za kutupa. Nikaizima, nikaiwasha, nikaigeuza ubavu, nikaendelea nayo siku nne nikitafuta fundi wa kuitengeneza, na siku ya tano haikugonga tena wala haikusema kitu.

Kichwa kisomacho ndani ya diski huelea juu ya sahani kwa umbali ulio mdogo kuliko chembe ya vumbi. Kikianza kugusa, kila mzunguko hukwangua kilichoandikwa. Hapana uadilifu wa kulehemu kitu kama hicho. Kapasita ni mtumishi, na ukimbadilisha mtumishi nyumba inabaki. Diski ni kabati la amana. Thamani yake haimo katika chuma, na mwenye kukihurumia chuma anaweza kuiangamiza amana. Nilimdhulumu marehemu kwa ubahili niliouvisha kanzu ya hekima.

Ndiyo maana siwaamini wanaotoa kanuni moja, iwe ya "tengeneza daima" au ya "usipoteze muda, nunua". Pawasaplai, kwa mfano, huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani, na iliyotengenezwa vibaya yaweza kuunguza kila kilichounganishwa nayo. Ya bei nafuu ikifa, mimi huinunua mpya bila ya kujilaumu. Na kompyuta ya mezani inaruhusu hilo. Tangu Intel ilipotoa kipimo cha ATX mwaka 1995, pawasaplai ya mtengenezaji huyu huingia katika sanduku la yule. Ni kifaa kilichojengwa kama jahazi, kwa vipande vinavyobadilishika.

Wanafalsafa wana kisa cha jahazi pia. Plutarch alisimulia kuwa watu wa Athens waliihifadhi merikebu ya Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakabishana iwapo bado ni ile ile. Mafundi wa Nungwi wangestaajabu kusikia hayo ni mabishano. Jahazi hubadilishwa mbao, hutiwa kalafati, hupakwa sifa, na jina lake likabaki lile lile ubavuni. Lakini katika karne ya 17 Thomas Hobbes aliongeza swali jengine. Itakuwaje iwapo mtu anaziokota mbao zilizotupwa, moja moja, na kuunda merikebu nyengine?

Mtu huyo mimi namjua. Ana duka dogo lenye rafu zilizojaa mazabodi, na vipande nilivyoviacha kwake kwa miaka vimekwisha kuwa kompyuta ya mwanafunzi wa skuli. Hakuna anayemuuliza ipi ndiyo kompyuta ya asili. Ninachokiona mimi ni kuwa neno "kutupa" lina maana mbili. Kumtupia huyu ni kugawa. Kutupa jaani ni jambo jengine kabisa, khasa kisiwani, ambako hakuna "huko" kwa kupeleka taka. Kuna hapa tu, na bahari. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria taka za vifaa vya umeme duniani kuwa tani milioni 62 kwa mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Risasi iliyomo katika viungo vya mazabodi za zamani haiozi kama makuti. Bei ya dukani haiutaji mzigo huu, na ndiyo maana nilisema kuwa hesabu peke yake haitoshi: inamhesabu mnunuzi na muuzaji, na kumsahau anayeishi karibu na jaa.

Sasa limeingia jambo ambalo wala mzee wa redio hakulijua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya bure ya Windows 10, na kompyuta nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 zikahesabiwa kuwa zimepitwa, ilhali hazina hata kapasita moja iliyofura. Yangu ya sasa ni mojawapo. Kijana yule yule wa 2014, leo ni baba wa watoto wawili, alikuja akanitilia Linux kwa jioni moja. Safari hii nilimsikiliza, na nilinakili kila kitu kwanza, mara mbili.

Diski ile ningali nayo ndani ya mtoto wa meza, imefungwa kitambaa. Wako ng'ambo wataalamu wanaozifungua katika vyumba visivyo na vumbi, kwa malipo nisiyoyaweza, na kwa jinsi nilivyoitesa siku zile nne sidhani kama wangekuta mengi. Kila tukisafisha chumba wanangu huniuliza kama waitupe.