Mke Asibaki Mgeni



Vijana wanaojiandaa kwa ndoa hupenda kuzungumza juu ya Romeo na Juliet, kisa cha Shakespeare ambacho kimechezwa jukwaani kwa zaidi ya miaka 400. Wengine wameona filamu ya mwaka 1968, wengine ile ya 1996 ambamo panga zimegeuzwa bastola. Silaha hubadilika, lakini mambo ni yale yale: wawili wapendana, jamaa zao ni maadui, ndoa yafungwa kwa siri, na baada ya siku chache ni matanga.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunacho kisa chetu, cha Lwanda Magere, shujaa wa Kano mwenye mwili wa jiwe. Okoiti Omtatah alikiandikia tamthilia iliyochapwa mwaka 1991. Wazee husimulia kwamba Wanandi, ambao Wajaluo waliwaita Lang'o, waliposhindwa naye vitani walimpa binti yao mzuri amwoe. Wazee wa Kano walimwonya, hakusikia. Siku alipougua, alimwambia mke huyo achanje kivuli chake, si mwili, ndipo apake dawa. Damu ikatoka kivulini! Binti akatorokea kwao na siri ile. Katika vita vilivyofuata mkuki ulichoma kivuli, na shujaa akafa.

Kisa hiki kikisimuliwa, lawama zote humwangukia mwanamke. Utasikia mzazi akimwambia mwanawe, "Usioe kabila lingine, atakuuza kama Lwanda." Lakini tujiulize: ni nani aliyemuuliza binti yule kama anataka kuolewa? Kwao alitumwa kama silaha. Kano alitazamwa kama adui. Hakuwa na nyumba popote.

Kanisa lafundisha kwamba ndoa hufanywa na ukubali wa hao wawili, na hakuna mwanadamu awezaye kukubali kwa niaba yao (Kanuni 1057). Anayeozwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa hajafunga ndoa halali (Kanuni 1103).

Romeo na Juliet walikubaliana, lakini walisimama mbele ya padre bila shahidi hata mmoja. Ni kwa sababu ya hatari za ndoa za siri Mtaguso wa Trento uliagiza, mwaka 1563, kwamba ndoa ifungwe mbele ya padre na mashahidi. Kule Verona wazazi hawakuwepo. Huku Kano moyo wa binti haukuwepo. Nyumba zote mbili zilianguka.

Basi, vijana, msijifiche. Mpelekeni mchumba nyumbani mapema, mkamwone paroko, na matangazo ya ndoa yasomwe mbele ya watu wote.

Nanyi wazazi, mnapopeleka ayie, kumbukeni maana ya neno hilo: nimekubali. Msikubali kwa mdomo huku mkimhesabu mkwe kuwa mpelelezi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona wake na waume wakitenganishwa kwa ajili ya kabila tu, hata wenye watoto. Mama mkwe asiyemwita mke wa mwanawe kwa jina, bali kwa kabila lake kila siku, anamfundisha kutoroka.

Nawe mume, jamaa wakimsema mkeo usinyamaze. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, chasema wazi ni nani anayewaacha baba na mama ili aambatane na mwenzake: ni mwanamume.

Someni pia habari za Ruthu. Alikuwa Mmoabi, wa taifa lililochukiwa na Waisraeli, lakini Naomi alimwita binti yangu. Hakutoroka hata alipofiwa na mume. Mathayo anamtaja katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo. Je, Naomi angalimfungia mlango?

Leo jioni, kabla ya sala ya familia, mwulizeni mkwe wenu kama kwenu ni kwake. Kisha msikilizeni.

Mungu azibariki nyumba zenu.