Kimpacho Mwindaji Moyo

Wako wadhanio kwamba mwindaji husukumwa na tamaa ya kuua. Tuwatazame Wahadzabe, waishio kandokando ya Ziwa Eyasi kwa nyama, viazi mwitu, matunda na asali. Mtoto wa kiume hupewa upinde angali mdogo. Hujifunza shabaha kwa kucheza na wenziwe na kuwatazama wakubwa. Ndege mlembe naye ni mwalimu: mtu hupiga mluzi, naye humwongoza hadi penye nyuki.

Lakini kimpacho moyo zaidi ni kambi imngojayo. Akiangusha mnyama mkubwa, nyama si yake peke yake. Hugawiwa kambi nzima, hata yule aliyerudi mikono mitupu. Je, ushujaa ni kupata au kugawa? Kupata ni ustadi na bahati. Kugawa ni utu.

Shule hiyo haina kuta, walakini yahitaji pori. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipewa hati za kimila za ardhi yao. Hiyo ni haki. Pori likitoweka, mafunzo hayo yatatoweka nalo, na sisi tufungao ghala kwa kufuli tungali twayahitaji.