Mkono Uliomimina

Cheti ninacho mpaka leo. Kimeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba nimehitimu mafunzo ya siku mbili ya kuwafundisha wateja upole kwa nafsi zao, na kina sahihi mbili na muhuri. Siku mbili zile tulikula vizuri, tukalipwa nauli, Jumatatu tukarudi makazini. Alhamisi ya wiki hiyohiyo nikamvunja mtu.

Nilikuwa na miaka minne katika kazi ya ushauri nasaha, Mombasa, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Mteja mwenyewe nitamwita mama wa mahamri, maana alikuwa akiuza mahamri na mbaazi kando ya barabara alfajiri. Mengine yake nimeyageuza ili hata jirani yake akisoma hapa asimtambue.

Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Jioni moja alinunua mafuta ya taa, dumu lake likawa linavuja, akayamimina kwenye chupa ya soda ya machungwa na kuiweka chini ya meza. Alfajiri yeye yuko barabarani na beseni lake, mtoto akaamka na kiu. Majirani wakafanya wanayoyafanya wengi: wakamnywesha maziwa, wakamtia vidole kooni atapike. Mafuta ya taa hudhuru zaidi yanapoingia mapafuni, na kutapishwa huyapa njia ya pili ya kuingia. Yule mama alifika mbio na unga mikononi, akasaidia kumtapisha. Siku ya pili mtoto alifariki hospitalini.

Nilikuwa nimekaa naye vikao vitano. Alisimulia kwa sauti iliyonyooka, kama mtu anayekutajia bei za sokoni, na kila mwisho wa masimulizi aliweka maneno mawili: "Mimi ndiye." Nami nilimjibu kama nilivyosomeshwa chuoni. Nyumba ngapi mjini humu zinaweka mafuta kwenye chupa za soda? Je, ulikusudia? Akaitika, "Kweli, dada, sikukusudia." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza, "Lakini mimi ndiye."

Basi yale mafunzo yaliponijia niliona nimepewa ufunguo.

Sina ugomvi na tuliyofundishwa. Tulielezwa kwamba mwaka 2003 Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, aliandika kuwa jambo hili lina sehemu tatu: kuisemesha nafsi yako kwa upole badala ya kuihukumu, kutambua kwamba kukosea na kuteseka ni fungu la wanadamu wote, si lako peke yako, na kuyatazama maumivu yako yalivyo, bila kuyakuza wala kuyafunika. Tulionyeshwa dodoso lake la maswali 26. Tukajazishwa, tukajumlisha alama, tukachekana. Mkufunzi alikuwa kijana mwungwana aliyejua mambo yake. Kwenye slaidi alikuwa ameandika "kujihurumia", na mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Yaani kujililia?" Ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka, tukaendelea na slaidi iliyofuata. Leo naona pale ndipo tulipopaswa kusimama mpaka jioni.

Halafu likaja zoezi. Fumba macho. Weka mkono kifuani. Mkumbuke rafiki aliyefikwa na jambo zito, sikia maneno ambayo ungemwambia, sikia na sauti yako. Sasa jiambie wewe. Dakika tano. Mimi nilifumba jicho moja. La pili lilikuwa mlangoni, maana harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia.

Alhamisi mama wa mahamri alipofika kwenye "mimi ndiye" yake, nikamwambia leo tutajaribu kitu kipya. Sikumweleza ni kitu gani. Nikamwomba afumbe macho, akafumba. Nikamwomba aweke mkono kifuani, akauinua. Mkono ukafika katikati, ukasimama hewani. Akafumbua macho, akautazama kana kwamba si wake.

"Mkono huu, dada? Mkono huu ndio uliomimina."

Kilichofuata sikuwahi kukisikia kwa mtu aliye hai. Mwanamke ambaye kwa vikao vitano hakutoa chozi alilia kilio cha siku ya msiba, kile ambacho nadhani hakukilia siku yenyewe kwa kuwa alikuwa akishughulikia wageni. Nami nikaogopa. Kwa kuogopa nikarudia mistari ya slaidi: "Jiambie maneno ya upole, mama, kama ungemwambia rafiki." Nilisema hivyo mara mbili. Aliinuka, leso ikamwanguka, akatoka bila kuiokota. Niliikunja, nikaiweka mezani, nikafungua faili na kuandika: "Mteja hakuwa tayari."

Mara moja kwa mwezi nilikuwa nakwenda kwa msimamizi wangu, muuguzi mstaafu aliyeingia kwenye ushauri baada ya bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998. Aliwahi kuniambia kwamba miezi ile walikuwa wakisikiliza manusura kutwa, wakirudi nyumbani hapana wa kuwasikiliza wao, na kwamba wenzake watatu waliacha kazi kabla ya mwaka kwisha. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akavaa miwani, akasoma ukurasa wangu.

"Nani hakuwa tayari?"

Hapo nilijimwaga. Nilisema mimi ni mpumbavu, sistahili kazi hii, nimecheza na kidonda cha mtu, mtu mwenye akili timamu asingefanya vile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwenzako angekuja na habari hiihii, ungemwambia maneno hayo?"

"La, Mwalimu."

"Ungemwambia nini?"

Nikamwambia. Kila binadamu hukosea, ulikuwa na nia njema, jifunze uendelee. Akanicheka. "Maneno mazuri. Sauti ya karani wa mahakama."

Hilo la sauti lina historia. Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Kiingereza aliyefanya kazi miaka mingi huko Derby, aliona jambo la ajabu kwa wagonjwa waliojaa fedheha na kujilaumu. Walijifunza vizuri kabisa kujibu mawazo yao mabaya kwa hoja, lakini hoja zile hazikuwatuliza. Alipowauliza wanazisemaje kichwani, akakuta wanazisema kwa ukali, kwa dharau hata, kama mtu anayemkaripia mtoto anyamaze. Maneno yalikuwa ya faraja na sauti ilikuwa ya kipigo. Ndipo akajenga tiba ambayo kazi yake kubwa ni kuipasha moto ile sauti. Yeye na wenzake, mwaka 2011, walichapisha pia vipimo vya hofu ya huruma: hofu ya kuwapa wengine, hofu ya kupokea kutoka kwa wengine, na hofu ya kujipa mwenyewe. Wapo watu ambao upole huwatisha kuliko ukali, kwa sababu ukali wameuzoea.

"Sasa weka mkono kifuani, mwanangu," akasema msimamizi.

Nilikuwa nimewaambia hivyo watu. Nilikuwa na cheti. Mkono wangu ulibaki gotini. Niliona haya, kisha nikamkasirikia, kisha nikamwonea uchungu mtoto fulani wa darasa la tatu aliyekuwa akipigwa rula kwa hesabu, ambaye sikuwa nimemkumbuka miaka na miaka. Hakuniharakisha. Nje muuza madafu alipita, akarudi tena. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Umeona? Na wewe hujazika mtoto."

Akaniuliza kama nimewahi kuona makumbi yakiwaka. Nani wa Pwani hajaona? Makumbi ya nazi ukiyafukia jivu hukaa kutwa nzima hayatoi hata moshi, ukadhani yamezimika. Yapekue upepo ukivuma, uone. Akanieleza kwamba Christopher Germer, mtaalamu wa tiba wa Marekani aliyeandaa pamoja na Neff kozi ya wiki nane ya mambo haya, ana jina la hali hiyo, alilolichukua kwa wazima moto: chumba kilichofungwa moto wake hufifia kwa kukosa hewa, na anayefungua mlango kwa pupa hurushiwa ndimi za moto usoni. Upole ni hewa. Ukiingia kwa mtu aliyekaa miaka bila huo, maumivu ya zamani huwaka kwanza. Si dalili kwamba tiba ni mbaya. Ila wazima moto hawafungui mlango kabla ya kuugusa kusikia joto lake.

Nilimwuliza ningefanyaje. Alinijibu kwa kuniuliza tena. Je, nilimwambia mapema kwamba huenda upole ukamuuma? Nilimwomba ruhusa? Kwa nini kifuani, na kwa nini mkono, kwa mtu ambaye mkono ndio anaoushtaki? Mwingine ungemwacha asikie nyayo zake sakafuni, au kikombe cha chai ya moto viganjani, basi. Mwingine ungeanza mbali: anampikia nani sasa, mtoto wake mkubwa anamsemesha vipi, amfikirie huyo kwanza. Na kilio kilipowaka, kazi ilikuwa kuacha zoezi na kukaa naye. "Wewe ulimpa slaidi," akasema.

Nilichokuja kukielewa kwa taabu zaidi ni kile cha "mimi ndiye". Vikao vitano nilikuwa nikimshawishi kwamba si yeye. Lakini ni yeye aliyemimina, na anajua, na kila nilipomtetea nilikuwa namwambia kwamba nitamwonea huruma akiwa hana kosa tu. Angewezaje kuniamini?

Na sisi Waswahili tuna neno ambalo halina sharti hilo. Mtu akijikwaa, pole. Akirudi kazini, pole. Amefiwa, pole. Kaanguka na baiskeli kwa mbwembwe zake mwenyewe, kila mtu kaona, bado ataambiwa pole kabla ya kuulizwa. Pole haiulizi nani kamwaga. Basi huyohuyo anayewagawia watu pole kutwa, ajikwae peke yake uchochoroni, asikie anavyojiambia: "Kipofu wewe, huoni?" Msimamizi wangu hakulipenda lile neno la slaidi, alisema mzee wa nyuma alikuwa na haki, kujihurumia kwa Kiswahili ni kukaa pembeni na kujililia. Yeye hutumia la bibi zetu, kumwonea mtu imani, na husema: nafsi nayo ni mtu, ionee imani. Sijui kama litaingia kwenye vitabu vya chuo. Wateja hulielewa bila maelezo.

Nilikaa na msimamizi huyo miezi mingi kabla ya mkono wangu kufika kifuani na kutulia, na siku ulipotulia hapakutokea kitu cha kusimulia. Nililala vizuri tu.

Mama wa mahamri sikumwona tena. Nilipiga simu mara mbili, nikamtumia ujumbe wa kumwomba radhi, na kwa idhini yake mshauri mwingine wa kike alimtembelea. Alimpokea, akampa chai, akasema hajambo, akapokea leso yake. Mpaka naandika hapa, nasikia bado anauza.

Siku hizi nami nafundisha washauri. Watu kumi na wawili kwa mara moja, wiki nane, na nusu ya kwanza hairuhusiwi kumtaja mteja hata mmoja. Kila mshiriki huandika kosa lake halisi la kazini, kisha hurekodi kwenye simu anavyojisemesha kuhusu kosa hilo, akaisikiliza sauti yake mbele ya mwenzake. Wengi hushtuka, hawakujua wana mtu wa namna ile ndani. Wapo wanaoacha wiki ya tatu, na hao siwabezi, maana wamegundua mlango una joto na wameurudisha kwa adabu. Ninaowaogopa ni wale wanaomaliza zoezi la kwanza dakika tano wakaniambia ni zuri sana, watalitumia Jumatatu.

Mashirika hupiga simu kutaka siku mbili, washiriki arobaini, vyeti siku ya pili mchana. Nakataa. Mengine hupata mkufunzi mwingine.

Nawe msomaji, ushauri nasaha si lazima uwe kazi yako. Lakini kama nyumbani kwako mafuta ya taa yamo kwenye chupa ya soda, inuka sasa hivi uyahamishe, uyaweke juu, mbali na mtoto. Na likitokea la kutokea usimtapishe, mkimbize hospitali.