Wema Unaorudi na Faida

Zipu haikaguliki dukani. Mwanamke anayechagua gauni Kariakoo hukishika kitambaa, hukinyoosha, hukipeleka mwangani kutazama kama kinapitisha jua. Zipu huivuta mara moja tu, ikapanda na kushuka, yakaisha. Ubovu wake hujulikana miezi baadaye, meno yanapokataa kushikana naye amekwisha kuvaa tayari kwa kutoka. Mafundi cherehani wanalijua hili vizuri. Wapo wanaochomoa zipu ya suruali ya mtumba iliyochakaa na kuishonea nguo mpya, hasa wakiona kwenye kichwa chake herufi tatu: YKK.

Herufi hizo ni kifupi cha jina la Kijapani la kampuni ya Tadao Yoshida, mtoto wa mkoa wa Toyama aliyezaliwa mwaka 1908. Duka la Tokyo alikokuwa ameajiriwa lilifilisika, likaacha mzigo wa zipu ambao haukununulika. Yoshida akauchukua pamoja na deni, na mwaka 1934 akaanza biashara yake. Mwaka 1945 mabomu ya vita yakateketeza kiwanda chake. Akarudi kwao Toyama, akaanza upya. Baadaye alinunua mashine kutoka Marekani, kisha kampuni ikajifunza kuunda mashine zake yenyewe, kusokota nyuzi zake na kuyeyusha shaba yake, ili kasoro ikitokea isiwepo nafasi ya kumsingizia mtu mwingine.

Ila kinachomfanya Yoshida astahili kujadiliwa hapa ni fikra yake. Katika ujana wake alisoma maisha ya Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, akatoka na wazo moja alilolishika hadi kufa kwake mwaka 1993: hakuna anayefanikiwa bila kuwafaidisha wengine. Akaliita mzunguko wa wema. Akafundisha kwamba faida inayotokana na akili na bidii igawanywe mafungu matatu: la mteja, kwa bei nafuu na bidhaa bora, la wale wanaofanya biashara na kampuni, na la kampuni yenyewe na watu wake. Hisa za kampuni hazikuuzwa kwenye soko la hisa, na wafanyakazi walihimizwa kuzinunua.

Hapo ndipo linapozaliwa swali zito. Wema unaofanywa kwa kutarajia kwamba utarudi, tena urudi na faida, bado ni wema?

Waswahili wana jibu kali: tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant angekubaliana nao. Katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785 alitoa mfano wa muuza duka asiyempandishia bei mtoto aliyetumwa dukani. Bei ni moja kwa wote, mtoto hapunjwi. Hata hivyo, alisema Kant, hilo halitoshi kutuonyesha kwamba muuza duka ni mwadilifu, kwa sababu pengine anailinda biashara yake tu. Kitendo kimefuata wajibu, lakini huenda hakikutoka kwenye wajibu. Mwislamu atalitambua jambo hili mara moja, kwa kuwa amefundishwa kwamba amali huhesabiwa kwa nia.

Lakini Waswahili hao hao husema pia kwamba wema hauozi. Na huko Japani, mwalimu Ishida Baigan, aliyeanza kufundisha watu bure Kyoto mwaka 1729, alitetea faida ya mfanyabiashara kuwa ni halali kama posho ya samurai, mradi ipatikane kwa uaminifu. Kwake yeye, soko halikuwa mahali pa kuiacha dini mlangoni.

Kant yuko sahihi kuhusu moyo wa muuza duka, lakini mtoto aliyetumwa dukani hana haja na moyo huo. Ana haja ya kurudi nyumbani na chenji kamili. Faida inayomrudia mtenda wema haiuharibu wema wake. Kinachoupima ni mahali ambapo hakuna anayeona, na ambapo kupunja kungelipa zaidi. Sura ya 83 ya Kurani inaanza kwa kuwaonya wapunjaji wa namna hii hasa: wao wakipimiwa hudai kipimo kamili, wakiwapimia wengine hupunguza. Zipu haina mizani mbele ya mnunuzi. Kwa hiyo mtengenezaji wake anajaribiwa kuliko muuza mchele.

Na jaribu lilifika. Tarehe 19 Septemba 2007 Kamisheni ya Ulaya iliwatoza watengenezaji wa zipu na vishikizo vingine vya nguo faini ya zaidi ya euro milioni 328 kwa kupanga bei kwa siri na kugawana masoko. Walikuwamo Prym wa Ujerumani na Coats wa Uingereza. Faini kubwa kuliko zote, zaidi ya euro milioni 150, iliiangukia YKK, ingawa sehemu yake ilikuja kupunguzwa mahakamani. Yoshida alikuwa amekwisha kufariki, lakini fundisho lake lilikuwa bado linatajwa na kampuni kama msingi wake. Zipu zenyewe hazikuwa mbovu. Meno yalishikana vilevile. Kilichoibwa ni fungu la kwanza kati ya yale matatu, la mteja, na kiliibwa mahali ambapo mteja hafiki: kwenye meza ya washindani waliokubaliana.

Faini kama hizo huingia kwenye bajeti ya Umoja wa Ulaya. Mwenye kiwanda cha suruali aliyelipa zaidi kwa kila katoni ya zipu, na aliyezivaa suruali hizo baada yake, hawagawiwi hata senti ya fedha hizo. Anayetaka fidia afungue kesi mwenyewe, na aweze kuthibitisha hasara aliyoipata.