Thuluthi ya Mstaafu

Jioni moja hapa Engutoto, Mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu hadi kiunoni, jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinionyesha karatasi aliyoandika kwa penseli majina ya wategemezi wake, moja akiwa amelifuta na kuliandika tena hata karatasi ikakaribia kutoboka. Kanuni iliyoanza Julai 2022 hapa Tanzania ilimpa mstaafu wetu kwa mkupuo asilimia 33 ya mafao yake, yaliyosalia yakimjia kila mwezi. Nami nikakumbuka kwamba sahaba Saad bin Abi Waqqas, alipotaka kuusia sehemu kubwa ya mali yake, Mtume alimruhusu thuluthi tu, akasema nayo ni nyingi. Hesabu hizi hazina nasaba moja, lakini zote zauliza: mja ana hiari gani juu ya riziki ya siku asizoziona? Kwangu mimi, Mwislamu aliyeandikwa jina kupokea mali ya marehemu ni amini, si mmiliki, maadamu Sura ya Nisaa imekwisha kuwagawia warithi mafungu yao. Mwalimu akaniuliza habari za mjukuu aliyemlea, yatima wa mwanawe. Nikamjibu kwamba, maadamu yupo mwana mwingine wa kiume aliye hai, mjukuu huyo hana fungu ila kwa wasia; mwalimu akaichukua penseli.