Vikapu Kumi na Viwili na Kopo la Mkaa

Somo: Yohana 6:1–13



Sura ya sita ya Injili ya Yohana ni sura ya watu wa ziwani kama sisi. Mambo yake yalitukia kando ya Ziwa la Tiberia, penye wavuvi, mitumbwi na nyavu, na chakula kinachotajwa humo ni mkate na samaki. Mtu wa Igombe au wa Kayenze akiisoma hahitaji kufafanuliwa sana. Hata shida iliyomo ni ya kwetu: watu ni wengi na fedha ni kidogo. Filipo alipoulizwa mkate utanunuliwa wapi, alipiga hesabu upesi, akajibu ya kwamba hata dinari mia mbili zisingetosha. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi Filipo alikuwa akisema habari za mshahara wa zaidi ya nusu mwaka.

Bwana hakumkemea kwa hesabu yake. Kuhesabu fedha ya nyumbani si upungufu wa imani. Ila Bwana alianzia mahali pengine, kwenye kile kilichokuwapo: mikate mitano na samaki wawili wa mtoto mmoja. Tena ilikuwa mikate ya shayiri, nayo shayiri ilikuwa unga wa maskini. Akashukuru, akawagawia, wakala wakashiba.

Baada ya hapo ndipo linakuja jambo ambalo mara nyingi tunalipita mbio. Watu walipokwisha kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wake wayakusanye mabaki, pasipotee kitu. Wakakusanya, vikajaa vikapu kumi na viwili.

Hebu tujiulize: mwenye uwezo wa kuuzidisha mkate mbele ya macho ya watu, ana haja gani na makombo? Kama ni chakula cha kesho, si angezidisha tena? Jibu ni kwamba kwa Yesu, kitu kilichotoka mkononi mwa Baba hakitupwi, hata kikiwa kingi. Wingi wa kipaji si ruhusa ya kukitapanya.

Sisi tumekuwa na kawaida ya kudhani kinyume chake. Tunaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika, lenye eneo la karibu kilometa za mraba 69,000. Nani angefikiri ziwa la namna hiyo linaweza kupungukiwa na kitu? Hata hivyo sangara walipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 aina nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwa chakula cha kila siku, zilikuwa zimetoweka. Na kila mvua kubwa inaponyesha, Mto Mirongo huyachukua yale tuliyoyatupa mitaani na kuyapeleka ziwani, kisha sisi wenyewe huenda huko huko kutafuta maji na kitoweo. Misitu nayo ni vivyo hivyo. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

Sasa nalijua neno linalosemwa mtu akitaja mambo haya. Husemwa ya kwamba kutunza mazingira ni kazi ya wenye fedha. Maskini hutazama atakula nini leo. Neno hilo lina ukweli, nami sitalipita bila kulijibu. Nataka tulitazame pale jikoni, kwenye kopo la mkaa, kwa sababu hapo ndipo mfuko wa nyumba na mti wa Mungu hukutana kila siku.

Kwanza, katika nyumba nyingi kubana matumizi na kuutunza uumbaji ni tendo moja. Mkaa wa tanuri la udongo hula kuni nyingi sana: kilo moja ya mkaa hutoka katika kilo tano za kuni au zaidi, mara nyingi hata nane au kumi. Basi kila kipande kinachoteketea bure ni fedha iliyoungua na tawi lililokatwa bila faida. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva kwa moto mdogo. Sufuria ikifunikwa huchemka mapema. Jiko la bati lenye udongo ndani hushika joto, nalo hula mkaa mchache kuliko jiko la bati tupu. Chungu cha makande kikishachemka sana chaweza kuondolewa motoni, kikafunikwa vizuri, kikawekwa katika kikapu kilichojazwa nguo kuukuu, na makande yataendelea kuiva yenyewe bila moto. Mkaa uliobaki baada ya kupika usiachwe kuwa majivu. Uzimwe ndani ya kopo lenye kifuniko, utumike kesho.

Tufanye hesabu ya darasa la tatu. Nyumba inayotumia makopo mawili ya mkaa kwa siku, ikiokoa nusu kopo tu kila siku, kwa siku 30 imeokoa makopo 15. Hiyo ni zaidi ya mkaa wa wiki nzima. Hivyo ndivyo vikapu vya mabaki vilivyo katika siku zetu. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, jambo hili si geni wala halikuletwa na wageni. Wazee wa Usukuma walikuwa na ngitili. Mvua zilipoanza, walitenga sehemu ya ardhi, mifugo isiingie humo, majani yakaota na miti ikapumua. Kiangazi kilipozidi, wakaifungua ng'ombe wapate malisho. Walifanya hivyo kama watu wenye kuweka akiba, wasije wakapoteza mifugo yao. Baadaye desturi hiyo ilififia, na miti mingi ilikatwa, mingine kwa ajili ya kufukuza mbung'o na mingine kwa mashamba ya pamba, hata sehemu kubwa ya Shinyanga ikabaki kavu. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, nao uliwarudisha watu kwenye ngitili yao ya zamani. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto wake. Kuni zikapatikana karibu, na dawa za miti shamba, na malisho. Wengine wetu twakumbuka pia kampeni ya redio ya mwaka 1980 iliyoitwa Misitu ni Mali. Jina lile lilikuwa hesabu sahihi: msitu ni akiba, na akiba haiozi.

Akina mama wanaokata viazi na kuvianika kuwa michembe, na wale wanaoanika dagaa juani badala ya kutumia kuni, wanaihubiri Yohana sita bila kupanda mimbarani. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tumeona ya kwamba kikapu cha bibi kilikuwa na akili kuliko tulivyodhani.

Tatu, na hili ndilo gumu, zipo nafasi ambapo mfuko na mti haviendi pamoja, na hapo tusimdanganye mtu. Mwenye fedha hununua gunia zima la mkaa. Asiye nayo hununua kopo kila siku, na mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyelipa zaidi kwa mkaa ule ule. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga ya kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanaitumia. Hilo ni jambo jema. Lakini gesi ikiisha, fedha ya kujaza mtungi hutakiwa yote kwa mara moja, wakati mkaa hupatikana hata kwa sarafu zilizomo mfukoni. Kwa hiyo mtungi hukaa pembeni mtupu, na mama hurudi kwenye kopo. Huyo si mkaidi wala si mjinga. Amekosa fedha ya mkupuo, basi.

Tumkumbuke mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17. Eliya alimkuta langoni akiokota vijiti viwili, apike unga wake wa mwisho, yeye na mwanawe wale, kisha wafe. Nabii hakumhubiria juu ya kuni. Alikaa nyumbani kwake, na Mungu akaifanya ile pipa ya unga isipungue, wote wakala pamoja. Kanisa likimkuta mjane na vijiti viwili, likamlaumu kwa kumaliza miti, halafu likaenda zake, limekosa lile lililo kubwa.

Vilevile tusiligeuze agizo la Bwana kuwa neno la kuwanyamazisha maskini. Mwanza twayajua mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa na kusafirishwa ng'ambo. Wako waliokula mapanki kwa kuwa hawakuweza kununua samaki mzima. Katika Injili mambo hayakwenda hivyo. Kwanza watu wote walishiba, kisha mabaki yakakusanywa. Uwekevu unaomdai maskini peke yake si ule wa Yesu.

Basi tufanye nini hapa parishini? Akina mama kumi wakinunua gunia pamoja na kugawana, kila mmoja hupata mkaa kwa bei ya gunia. Fedha wanayookoa isichome mkaa mwingine, bali iwekwe kama upatu, leo jiko bora kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, na baadaye kujaza mitungi kwa zamu. Akina baba nao waulize kopo la mkaa ni bei gani, kwa maana wako watoao fedha ya matumizi mwaka mzima pasipo kujua. Wenye nafasi kati yetu, tunaopika kwa gesi na kuacha bomba likitiririka, tuanze sisi. Na Sikukuu ya Mavuno ijayo, jiko la kanisa liwe la kwanza: tule katika sahani za kuosha, na tusiyaache makopo na chupa za plastiki yateremkie ziwani.

Kanisa Anglikana duniani limeweka alama tano za utume wake, na ya tano, iliyoongezwa mwaka 1990, yahusu kuutunza uumbaji. Haikuwekwa kwa ajili ya maaskofu mikutanoni tu. Yaweza kutimizwa na mama aliyeloweka maharage yake kabla ya kulala, na jirani aliyemsaidia kupata jiko.

Yule mtoto wa Tiberia hakuulizwa kwa nini chakula chake ni kidogo. Aliombwa akitoe, naye akakitoa. Bwana atujalie kutoa tulicho nacho, kushiba pamoja, na kukusanya kinachobaki. Amina.