Ukuta Kandokando ya Dari

Mwanangu, Jumapili iliyopita ulifika kwangu hapa Brussels, mtaani Matongé, saa tisa alasiri, kofia ya baiskeli kichwani, lile begi kubwa la kupelekea watu chakula bado liko mgongoni. Mkaza mjomba wako alikuwa ameshapasha sombe mara mbili. Ulikula umesimama. Simu ikalia, ukaondoka. Pale mlangoni nilipokukumbusha Siku ya Bwana, ulinijibu bila ukali, kama mtu aliyechoka: “Mjomba, dini yenu ni usi, usi, usi. Mtu atapumua wapi?”

Sikukujibu, kwa kuwa siku hizi maneno yangu hupanda ngazi polepole kama magoti yangu. Leo yamefika, nisikilize.

Nianze na barabara, unayoijua kuliko mimi. Tangu tarehe 1 Januari 2021, mwendo wa kawaida wa magari katika mkoa mzima wa Brussels ni kilomita 30 kwa saa, isipokuwa kwenye barabara kubwa chache. Wenye magari walinung'unika sana. Wewe sijakusikia ukinung'unika hata siku moja, maana unashuka Chaussée de Wavre kwa magurudumu mawili, na gari likikugusa, bati linakutana na mfupa. Amri ni ileile: aliyeshika usukani anaiona kamba, aliye kando yake anaiona uhai.

Basi zisome Amri za Mungu ukiwa upande wa baiskeli.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kuna agizo dogo ambalo wahubiri wengi hulipita. Anayejenga nyumba mpya ameagizwa azungushe ukuta kandokando ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari bapa, na watu walipanda juu kupunga upepo. Mwenye nyumba anajua dari yake inaishia wapi, hata gizani. Ukuta ule ni wa mgeni, na wa mtoto anayekimbia bila kutazama mbele. Tena angalia, Mungu hakukataza kupanda darini. Penye ukuta ndipo watoto wanapocheza hadi ukingoni na mama yao akaendelea na kazi zake.

Amri nyingine nazo ni ukuta uleule. Mwenye tamaa akisikia asizini, anaona amefungiwa kufuli. Kamuulize mtoto anayebeba begi lake kila Ijumaa, akipanda tramu kutoka nyumba ya mama kwenda nyumba ya baba. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mara nyingi mtoto ndiye hutangulia kula. Mwenye mdomo naye akisikia asimshuhudie jirani uongo, anaona amezibwa. Lakini wewe unajua neno likitupwa saluni hapa Matongé jioni, asubuhi limeshafika kwetu Bukavu, na jina la mtu halifuliwi kwa sabuni.

Sasa nije kwenye siku ya pumziko, uliyoniacha nayo mlangoni. Sura ya 5 ya kitabu hichohicho inawataja wanaopumzishwa: mtumwa na mjakazi, mgeni aliye malangoni, hata ng'ombe na punda. Na sababu imetolewa: mlikuwa watumwa Misri. Farao hakuwa na Sabato. Shika na mpangilio wake, mwanangu. Mungu aliwatoa utumwani kwanza, ndipo akawapa amri pale mlimani. Hakuwauzia wokovu kwa amri. Aliwapa walinzi wa uhuru ambao tayari alikuwa amewapa. Nchi hii nayo ilichelewa kuelewa. Ni mwaka 1905 ndipo Ubelgiji ilipotunga sheria ya pumziko la Jumapili kwa wafanyakazi wa viwanda na biashara.

Hapa nasema kwa kuungama. Kwa miaka mingi nilisafisha ofisi katika mtaa wa Umoja wa Ulaya, nikianza kabla ya alfajiri. Alipotafutwa mtu wa Jumapili, mkono wangu ulikuwa wa kwanza kuinuka. Fedha nilipata, nyumba ya Bukavu ikaezekwa. Binti yangu alipokea Komunyo ya kwanza mimi nikiwa nimeshika ufagio. Picha ile unaiona kila ukija, pale juu ya televisheni: amevaa gauni jeupe, mama yake yuko kulia, na kushoto pana nafasi ya mtu mmoja. Mpiga picha aliiacha akidhani nakuja. Hakuna aliyenilazimisha. Niliubomoa ukuta kwa mikono yangu mwenyewe, na aliyeanguka si mimi.

Najua kodi ya nyumba haingoji. Najua wauguzi hawawezi kuwaacha wagonjwa, na Bwana Yesu mwenyewe aliponya siku ya Sabato, akafundisha kwamba siku ile iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu. Najua pia kosa letu sisi wazee. Mara nyingi tumechomoa mawe ya ukuta ule tukawarushia vijana, kisha tukashangaa kwa nini mnaukimbia. Kama nami nilikurushia jiwe, nisamehe.

Sikuombi uache kazi. Naomba Jumapili ijayo begi libaki kwako, simu izimwe, uje ukae chini. Umekuwa mgeni malangoni mwa mji huu kwa muda mrefu, na ile amri ilikutaja. Sombe itapashwa mara moja tu, na kushoto kwangu mezani nimekuwekea kiti.